Ukitembea Pwani kwa miguu, mtazame mwenzako usoni

Na Daktari Wetu

Msomaji, siku hizi si wageni kutoka Ulaya peke yao wanaofika Malindi na Kilifi na mabegi mgongoni. Vikundi vidogo vya watu wa Nairobi, Nakuru na Mombasa navyo vinakuja: wafanyakazi wa ofisi moja, akina mama wa chama, wanakwaya, au marafiki waliosoma pamoja zamani. Badala ya kushinda ufukweni wakila viazi karai, wanatembea kwa miguu siku tatu au nne. Siku ya kwanza huzuru magofu ya Gede na mikoko ya hori la Mida, siku ya pili huingia msitu wa Arabuko-Sokoke, na ya tatu hupanda gari hadi Marafa kuona lile bonde la udongo mwekundu ambalo wenyeji huliita Nyari.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida katika eneo hili na ninaunga mkono safari za aina hii. Mtu anayeketi ofisini mwaka mzima, halafu akatembea kilomita 8 kila siku kwa siku tatu, hufaidika kuliko yule aliyekwenda likizo kula na kulala. Kutembea hupunguza shinikizo la damu, husaidia sukari kuingia kwenye misuli, na humpatia mtu usingizi mzuri. Isitoshe, mtu akiwa na wenzake hutembea mbali zaidi kuliko akiwa peke yake, kwa sababu mazungumzo humsahaulisha miguu.

Hata hivyo, kila msimu wa kaskazi napokea watembezi walioletwa wakiwa wamelegea. Wengi wao walikuja wakiogopa nyoka na ndovu, na kumbe kilichowaangusha ni joto. Katika makala haya nataka tuelewane jambo moja: joto linapozidi mwilini huivuruga akili mapema, na mtu ambaye akili yake imevurugika hawezi kujua kwamba ni mgonjwa. Atakwambia yuko sawa. Kwa hiyo mlinzi wako barabarani ni yule mnayetembea naye.

Jasho la Nairobi na jasho la Malindi

Ni vizuri kufahamu jinsi mwili unavyojipoza. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Damu hulichukua joto hilo hadi kwenye ngozi, ngozi ikatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Kinachopoza ni huko kukauka. Jasho linalodondoka chini halikupozi hata kidogo, linakupotezea maji na chumvi tu.

Nairobi iko juu, kwenye mita zaidi ya 1,600, na hewa yake ni kavu. Ukitembea huko jasho hukauka kabla hujaliona. Pwani hewa imejaa unyevu. Mwezi wa Machi joto la mchana la Malindi hukaribia nyuzi 32 za Selsiasi, si kali sana ukilisoma kwenye gazeti, lakini shati hulowa na kubaki limelowa. Mwili unaendelea kumwaga jasho lisilokauka. Mtu mzima anayetembea kwa bidii katika hali hiyo anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa.

Mwili hujifunza joto, lakini haujifunzi kwa usiku mmoja. Huhitaji kati ya siku 7 na 14 za kutokwa jasho kidogo kidogo ili uanze kutoa jasho mapema zaidi na kuihifadhi chumvi. Mkaazi wa jiji aliyeshuka kwa basi Ijumaa usiku na kuingia msituni Jumamosi asubuhi hana hata siku moja ya mafunzo hayo. Ndiyo sababu kijana wa Kigiriama anayewaongoza hutembea akizungumza, huku ninyi mkihema, hata kama ana umri sawa na wenu na hajawahi kuingia katika jumba la mazoezi.

Tena tazama mnakokanyaga. Sehemu ya Arabuko-Sokoke yenye miti ya mirihi ina mchanga mweupe laini, na kutembea juu ya mchanga laini kunaweza kuhitaji nguvu mara mbili ya kutembea barabarani. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, vichaka vimesongamana na upepo wa bahari hauingii. Kilomita 8 za huko si sawa na kilomita 8 za Uhuru Park. Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, nao ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ni mahali pa kwenda polepole, la sivyo hata yule sengi wa kiuno cha dhahabu hamtamwona.

Dalili za mwanzo, na dalili za hatari

Joto linapoanza kumshinda mtu, kwanza hupata uchovu wa joto. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, anahisi kizunguzungu akisimama, kichefuchefu, misuli ya mapaja au tumbo inakaza. Ngozi imelowa jasho. Mtu huyu bado anajijua: ukimwuliza swali anajibu barabara. Mkalishe kivulini, mlaze na miguu iinuliwe kidogo, mvue viatu na nguo nzito, mmwagie maji na kumpepea, na mpe kinywaji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa hivi ataanza kupata nafuu. Siku hiyo asitembee tena, hata akisema amepona.

Hatua ya pili ndiyo inayoua. Waganga huiita kiharusi cha joto, ingawa si kile kiharusi cha kupooza mnachokijua. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo, ini na figo vinaanza kuharibika. Wengi wameambiwa kwamba mgonjwa wa hali hii lazima awe na ngozi kavu. Hilo si kweli kwa mtu aliyekuwa akitembea. Mara nyingi bado anatoka jasho. Dalili ya kutegemea ni akili: anajibu kwa kuchelewa, anakasirika bila sababu, anarudia maneno, anayumba kama mlevi, hajui aliko. Baadaye huanguka, na pengine hupata kifafa.

Nieleze kisa cha mgonjwa wangu mmoja. Ni mhasibu wa miaka 50 na ushei, walikuja watu sita. Walichelewa kuondoka Marafa, na saa sita za mchana walikuwa bado wanapanda kutoka bondeni. Kijana aliyekuwa akiwaongoza aliona mzee huyo ameacha kutania.

“Mzee, hebu tukae hapa kidogo,” alimwambia.

“Niko sawa, kijana, twende.”

“Sawa mzee. Gari letu tumeliacha wapi?”

Mhasibu alimtazama tu. Hakuweza kusema gari liko wapi, na lilikuwa limeegeshwa mbele yao, wakiliona. Yule kijana hakungoja. Walimlaza chini ya kivuli kidogo walichokipata, wakamvua shati, wakammwagia maji yote waliyokuwa nayo na kumpepea kwa leso za akina mama. Nilipompokea alikuwa ameketi, akiuliza simu yake iko wapi. Vipimo vya figo vilichukua siku kadhaa kurudi sawa. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa akinywa dawa za kukojoza kwa sababu ya presha, na juu yake alikuwa amemeza dawa za maumivu ya goti kwa siku mbili mfululizo.

Swali la yule kijana ni kipimo kizuri kuliko vyote unavyoweza kubeba. Usimwulize mwenzako kama yuko sawa, kwa maana hilo hata kasuku angelijibu. Mwulize jambo la kufikiria: jana tulilala wapi, leo ni siku gani, tulikula nini asubuhi. Akikosea, mchukulie ana kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vingine, na mpoze papo hapo. Poza kwanza, safirisha baadaye. Kila dakika anayokaa na joto hilo ina hasara. Kama kuna pipa au karai kubwa la maji, mtumbukize hadi shingoni, mtu amshike kichwa. Kama hakuna, mlowesheni mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na barafu ikipatikana iwekwe makwapani, shingoni na kwenye kinena. Msimpeleke baharini, kwani mtu aliyechanganyikiwa huzama. Msimnyweshe kitu kwa nguvu, kinaweza kuingia mapafuni. Panadol haina kazi hapa, maana hii si homa ya ugonjwa. Mkiendelea kumpoza, mwingine atafute gari la kwenda hospitali.

Je, msomaji anadhani haya huwapata wajinga? Mnamo Juni 5, 2024, Dkt Michael Mosley, mtangazaji maarufu wa vipindi vya afya nchini Uingereza na mwenyewe aliyesomea udaktari, aliondoka ufukweni katika kisiwa cha Symi, Ugiriki, kwa miguu, mchana wa jua kali, akiwa peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 67. Simu hakuichukua. Mwili wake ulipatikana siku nne baadaye karibu na ufuko mwingine. Mchunguzi wa vifo wa Uingereza alisema baadaye kwamba sababu kamili haikuweza kuthibitishwa, ila alitaja kiharusi cha joto kuwa miongoni mwa mambo mawili yanayoelekea zaidi. Katika majuma hayo hayo watalii wengine kadhaa walifariki au kupotea wakitembea visiwani Ugiriki. Nchi za Bahari ya Kati, ambako vikundi vidogo vimezoea kutembea mashambani miaka mingi, sasa zinawashauri wageni watembee masika na vuli, wauache mwezi wa Julai na Agosti.

Kwetu ni kinyume. Julai na Agosti, kusi inapovuma, ndiyo miezi ya baridi kidogo Pwani na ndiyo mizuri kwa matembezi. Aprili na Mei ni mvua na matope. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wengi wana likizo, ndipo jua linapokuwa kali. Ukija wakati huo, njoo, lakini tembea kwa saa za wenyeji: anza saa kumi na mbili asubuhi, uwe chini ya paa ifikapo saa nne, na urudi njiani saa kumi jioni. Marafa hasa ni ya jioni. Jua likishuka zile kuta hubadilika rangi, na huko chini bondeni mchana ni tanuri. Wazee wa huko husimulia habari za familia tajiri iliyokuwa ikiogea maziwa mpaka ardhi ikaimeza. Wageni wetu nao huteremka pale na chupa moja ya soda.

Maji, chumvi na madafu

Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa ya kutembea, kidogo kidogo, kuanzia kabla hujasikia kiu. Kila mtu abebe lita mbili zake, na kikundi kiwe na akiba. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya maji ya ndimu uko vizuri, ukiwa kama chai ya turungi umechelewa.

Lakini kuna wanaokosea kwa upande wa pili. Mtu anayekunywa lita baada ya lita ya maji matupu, huku jasho likitoa chumvi, anaweza kupunguza chumvi ya damu hadi ubongo ukavimba. Dalili zake hufanana na za joto: kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo usinywe kupita kiasi cha jasho lako, na kula kitu chenye chumvi. Mahamri na mbaazi za asubuhi, mihogo ya chumvi na pilipili njiani, vyote vinasaidia. Beba pia pakiti za ORS. Usipozipata, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitafanya kazi ile ile. Pima vizuri, chumvi ikizidi ni hatari.

Watu huniuliza kuhusu madafu. Dafu ni kinywaji kizuri, tena limefungwa na Mungu mwenyewe, halina uchafu. Lina potasiamu nyingi ila sodiamu, ambayo ndiyo inayotoka na jasho, ni chache. Kunywa dafu pamoja na chakula cha chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, asinywe madafu kwa wingi bila kumwuliza daktari wake.

Mkiwa Gede, mwongozeni awaonyeshe visima. Mji ule uliohamwa katika karne ya 17, na ambao Shirika la UNESCO liliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulikuwa na misikiti, majumba ya mawe na visima vyake. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mwaka 1948, alikuta dalili kwamba kisima kimojawapo kilichimbwa kwenda chini zaidi, na kushuka kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama. Hata leo msitegemee kupata maji safi njiani.

Nani aseme na daktari kwanza?

Mwenye presha asiache dawa zake, ila amwone daktari wiki mbili kabla. Dawa za kukojoza, na zile za presha zinazofanya kazi kupitia figo, huenda zikahitaji kupunguzwa siku za jasho jingi. Zikichanganywa na Brufen au diklofenaki kwa mtu aliyekaukiwa maji, figo zinaweza kusimama, kama zilivyokaribia kusimama za mhasibu wetu. Goti likiuma, pumzika, na ukibidi tumia Panadol kwa kipimo chake.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akitembea muda mrefu. Awe na glukosi mfukoni, na mwenzake ajue dalili zake. Insulini isiachwe ndani ya gari. Ifungwe katika kitambaa chenye unyevu au chungu kidogo. Miguu ikaguliwe kila jioni, maana chini ni mawe ya matumbawe yenye makali na mtu aliyekufa ganzi hatasikia alipokatwa. Mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa chembe za damu zenye umbo la mundu, anaweza kupata maumivu makali akikosa maji, basi naye asitembee bila ushauri. Aliyeharisha au kuwa na homa siku mbili zilizopita abaki chini ya mwembe.

Kuhusu nyoka nitakuwa mfupi. Wapo: bafe, koboko, hongo. Vaa viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, usitie mkono usipopaona, na ingieni msituni na mwongozaji anayejua ndovu wako wapi. Mtu akiumwa, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu. Mlazeni, mguu usisogezwe, vueni pete na viatu, mpelekeni hospitali mara moja. Watamu kuna kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, chenye ujuzi mkubwa wa nyoka wa Pwani.

Watu wangapi?

Kwa maoni yangu watu 6 hadi 8, na mwongozaji. Katika kundi la watu 30 mtu anaweza kuyumba nyuma kwa nusu saa bila yeyote kujua. Gawanyikeni wawili wawili, kila mmoja ajue dawa za mwenzake. Anayetembea polepole zaidi atangulie pamoja na mwongozaji na mwendo uwe wake. Mwenye nguvu kuliko wote akae mwisho. Najua vijana hawapendi mpango huu.

Mbu wa usiku na homa ya baadaye

Bado kuna mbu. Mtu aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya malaria, na hata mzaliwa wa Kilifi aliyekaa jijini miaka mingi huipoteza kiasi kikubwa. Mbu wa malaria huuma usiku, hivyo hatari haiko katika matembezi ya mchana bali pale mnapoketi nje baada ya chakula mkisimuliana. Vaeni mikono mirefu, jipakeni dawa ya kufukuza mbu, laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Hapa hapa Kilifi, utafiti wa miaka ya 1993 hadi 1995 ulionyesha kwamba vyandarua vya namna hiyo vilipunguza vifo vya watoto kwa takriban theluthi moja. Dawa za kujikinga zipo. Doksisaiklini ni ya bei nafuu, lakini huifanya ngozi iungue upesi juani na haifai kwa mjamzito, na huendelea kumezwa wiki nne baada ya kuondoka. Mwulize daktari inayokufaa.

Malaria haijitokezi safarini. Huchukua angalau wiki moja, mara nyingi wiki mbili au zaidi, wakati mabegi yameshafuliwa na picha zimeshaonyeshwa ofisini. Ukipata homa, baridi, au kichwa kuuma katika miezi mitatu baada ya kurudi, pimwa damu siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, wala usimeze Brufen au aspirini, kwa sababu Pwani pia kuna homa ya dengi, ambayo dawa hizo zinaweza kuifanya itoe damu. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha malaria na homa ikaendelea, rudia kesho na keshokutwa. Na daktari wako wa jijini, ambaye huenda hajaona malaria mwezi mzima, mwambie kabla hajauliza: nilikuwa Malindi, nililala usiku kadhaa, tarehe fulani.